Neno "Looa" la Wairaqw: Maana Yake, Asili Yake na Hukumu Yake

Sifa njema zote zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, kuna neno fupi ambalo kila anayelingania dini huko hukutana nalo: Looa. Kwa Kiiraqw neno hili ni jina la jua, na hilo hilo ni jina la Muumba. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: je, mtu akisilimu anaweza kumwita Mola wake Looa? Na je, ni kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu, kwamba Looa ni "Allah" lililogeuka matamshi?

Neno hili kwa majirani

Tuanze na historia. Mbulu na Hanang ni nchi ya ajabu kwa lugha. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, na miongoni mwao Wabarabaig wa Hanang, husema lugha ya Kinilo. Wanyaturu na Wanyiramba walio upande wa Singida ni Wabantu. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao peke yao. Allah ameijaalia tofauti ya ndimi kuwa ni miongoni mwa ishara Zake (ar-Rum, aya ya 22).

Sasa tazama. Wadatooga humwita Mungu Aseeta, neno lenye udugu na Asis la Wakalenjin wa Kenya, na asista kwao ni jua. Wachaga wa Kilimanjaro, ambao ni Wabantu, husema Ruwa, nalo pia ni jua na ni Mungu. Wahadzabe nao huliita jua Ishoko, na katika visa vyao lina cheo kikubwa. Matamshi ya maneno haya hayafanani hata kidogo, lakini maana imekaribiana. Huenda hii yatuonyesha kwamba watu hawa wameishi pamoja muda mrefu, na fikra ya kuunganisha jua na uungu imepita kutoka kaumu hadi kaumu bila ya neno lenyewe kuhama.

Je, Looa ni Allah?

Wanaosema Looa limetoka katika "Allah" huona herufi ya lam na wakatosheka. Hili si sahihi. Tamko la Allah wamehitilafiana wanavyuoni juu yake: wapo waliosema limetokana na ilah, yaani mwenye kuabudiwa, na wapo waliosema ni jina lisilotokana na neno jingine lolote. Ndugu zake ni Eloah la Kiebrania na Alaha la Kisuryani, na lote hili halina maana ya jua. Jua kwa Kiarabu ni shams.

Ni kweli kwamba lugha za Kikushi na za Kisami zina nasaba ya mbali. Kiiraqw, kama Kiarabu, kina majina ya kiume na ya kike. Na Looa ni la kike, kama shams lilivyo la kike. Lakini nasaba ya lugha haithibitishi nasaba ya kila neno. Atakaye kuunganisha maneno mawili hana budi kuleta dalili ya matamshi na ya maana pamoja, na hapa maana inakataa.

Waarabu nao

Asije mtu akawadharau Wairaqw. Watu wa Saba, Waarabu wa Yemen, walilisujudia jua, kama hudhud alivyompasha habari Nabii Sulaiman (an-Naml, aya ya 24). Na katika Makureshi wenyewe alikuwako Abd Shams, mtumwa wa jua, naye ni babu wa Bani Umayya. Hata jina la Allah lilikuwa midomoni mwa washirikina: walipoulizwa nani aliyelitiisha jua na mwezi, walijibu ni Allah (al-Ankabut, aya ya 61). Uislamu haukuliacha jina hilo. Uliitakasa itikadi ya wenye kulitamka.

Vivyo hivyo neno letu "Mungu". Asili yake ni Mulungu, linalotumika hadi leo kwa Wagogo na Wayao. Lam ikaanguka, likawa Muungu, kisha Mungu. Lilikuwako kabla ya Uislamu, na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy hakuona taabu kuandika "Mwenyezi Mungu" katika tafsiri yake ya mwaka 1969.

Hukumu yake

Basi kwa nini Looa lisiwe kama Mungu? Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mswahili akisema Mungu, hakuna kitu angani anachoweza kukinyooshea kidole. Mwiraqw akisema Looa, jua lingaliko juu yake, na neno ni lake. Na Allah amekataza wazi kulisujudia jua na mwezi, akaamrisha asujudiwe aliyeviumba (Fussilat, aya ya 37).

Kwa hiyo tunasema: shahada husihi kwa lugha yoyote kwa kauli sahihi ya Mashafii, kama alivyobainisha Imam an-Nawawi. Mwiraqw na aitamke kwa Kiiraqw akipenda, lakini jina la Allah libaki kama lilivyo, na afafanuliwe kwamba Yeye ndiye aliyeliumba Looa. Ama katika takbira ya Sala, mwenye kuweza Kiarabu haimjuzii lugha nyingine kwa Mashafii. Abu Hanifa ndiye aliyeruhusu.

Na bibi kizee wa Mbulu aliyesilimu uzeeni, likimponyoka Looa katika dua zake hali moyo wake unamkusudia Muumba, asikimbiliwe kuitwa mshirikina. Afundishwe kwa upole, kwa ulimi wake, kwani Allah hakumtuma Mtume ila kwa lugha ya kaumu yake (Ibrahim, aya ya 4). Mlinganiaji asiyejua Looa ni nini hatajua anachokiondoa moyoni mwa mtu wala anachokitia.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.