Farumi: Kutoka Kuua Wimbi Hadi Kulifuga

Kuna video ya aina fulani ambayo lazima imekupitia kwa simu. Boti inatembea polepole ziwani, muziki uko juu, na nyuma yake kuna jamaa amesimama kwenye ubao. Hajashika kamba. Wimbi la boti ndilo linamsukuma. Anakaa hapo dakika nzima, anarushiwa soda, anaifungua, anakunywa. Hakuna bahari, hakuna upepo. Mara ya kwanza kuiona nilisema hii ni kazi ya kompyuta.

Kumbe ni kweli kabisa. Siri iko ndani ya boti, mahali kamera haifiki, na siri yenyewe ni maji. Zaidi ya kilo 1,000 za maji, na kwa boti zingine hata zaidi ya 2,000, zimevutwa kwa pampu makusudi ili boti iwe nzito, izame kidogo, ilime ziwa kama jembe.

Huo uzito una jina kwa Kiswahili, na ni jina la zamani: farumi. Mtu wa jahazi anajua. Chombo kitupu hakiendi safari ndefu hivi hivi, kinawekewa mawe au mchanga chini ili kisipinduke. Na kama umewahi kutazama mashindano ya mashua kule Lamu, umeona vile mabaharia wanahamisha viroba vya mchanga upande hadi upande chombo kikigeuka. Kazi ya farumi tangu zamani ni moja: chombo kitulie.

Sasa hawa wenzetu wa Marekani wanatumia farumi ili maji yasitulie. Wamefikaje hapo? Hiyo ndiyo story nataka tupige leo, kwa sababu mwisho wake unamgusa mtu ambaye hata hayuko kwa boti.

Twende Minnesota, mwaka wa 1922. Kijana wa miaka 18 anaitwa Ralph Samuelson yuko Ziwa Pepin, hapo mji wa Lake City. Kichwani ana wazo moja: kama watu wanateleza juu ya theluji, mbona wasiteleze juu ya maji? Akajaribu mbao za mapipa, zikazama. Akajaribu za kutelezea theluji, zikakataa pia. Mwishowe akachukua mbao mbili za msonobari, akachemsha ncha zake kwa sufuria ya mamake ili zijipinde kuelekea juu. Kakake Ben akaendesha boti, na Ralph akasimama. Huo ndio mchezo wa kuteleza majini ukivutwa na kamba, na ulisambaa Marekani yote.

Lakini huo mchezo ulikuwa na adui mmoja, wimbi la boti yenyewe. Mtu anayevutwa kwa kasi anakata kushoto na kulia nyuma ya boti. Kila akivuka lile wimbi anapigwa teke miguuni. Kwa hivyo watengenezaji walitumia miaka mingi wakijaribu kuliua. Boti ikawa nyepesi, ikawa pana na bapa chini, injini ikawekwa katikati ili isilemee nyuma. Correct Craft, kampuni ya Florida iliyoanza mwaka wa 1925, ilitoa boti ya Ski Nautique mwaka wa 1961, na boti nzuri ya aina hiyo ilisifiwa kwa kitu kimoja: haikuacha alama. Inapita, maji yanajifunga nyuma yake.

Halafu wakaja vijana wa ubao mmoja. Katikati ya miaka ya 1980, Tony Finn wa San Diego alitoa ubao unaofanana na wa baharini aliouita Skurfer. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Herb O'Brien akaleta Hyperlite, ubao ulioboreshwa. Hawa hawakutaka maji bapa, walitaka kuruka. Na huwezi kuruka bila kitu cha kukurusha. Lile wimbi lililochukiwa miaka 60 likageuka kuwa uwanja wa kuchezea.

Shida ni kwamba boti zilizopo zilikuwa zimetengenezwa kulificha. Vijana wakafanya kile vijana hufanya, wakajipanga. Waliita marafiki wakae nyuma ya boti. Wakapakia mapipa ya maji, magunia ya mchanga, chochote kizito. Kisha ikaja mifuko mikubwa ya plastiki ngumu: unaitandaza kwa sakafu, unaijaza maji ya ziwa kwa pampu, ukimaliza unayarudisha. Mfuko mmoja wa kawaida unabeba kama kilo 340. Baadaye viwanda vikaona pesa iko wapi, vikajenga matangi ndani ya boti kabisa. Siku hizi dereva anabonyeza kitufe tu.

Na hapa ndipo ufundi uko, maana kujaza maji tu hakutoshi. Wimbi linapangwa.

Kwanza, mwendo. Boti ikienda polepole sana inaelea tu. Ikienda kasi inainuka na kupaa juu ya maji. Katikati hapo, kama kilomita 16 hadi 19 kwa saa, iko kwa shida: omo imeinuka, tezi imezama, inasukuma maji kuliko wakati wowote mwingine. Nahodha wa kawaida anapita hiyo hatua haraka. Hawa wanakaa hapo hapo.

Pili, mahali pa uzito. Ukilemeza tezi, wimbi linakuwa refu kwenda juu na lenye mteremko mkali, lakini sehemu ya kusimama inakuwa fupi. Ukiongeza uzito kwenye omo, wimbi linapungua kimo kidogo lakini linanyooka kwenda nyuma, mtu anapata nafasi. Kwa hivyo kazi yote ni kupunguza hapa na kuongeza pale. Nikisoma hayo nikakumbuka methali tuliyokaririshwa shule bila kuelezwa vizuri: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa ya chombo maji hukusanyika. Jamaa hawa wameifanya methali yetu kuwa kazi ya mikono.

Tatu, upande. Boti ikipita, maji yanagawanyika pande mbili, kisha yanagongana nyuma na kutoa povu. Povu halibebi mtu. Njia ya zamani ilikuwa kulaza boti: uzito mwingi unawekwa pembe moja ya nyuma, wimbi la upande huo linakuwa safi, la pili linavunjika. Anayetanguliza mguu wa kushoto anapangiwa upande wa kushoto, wa mguu wa kulia upande wa kulia. Ukibadilisha mchezaji unahamisha maji yote upya, na mnangoja.

Mwaka wa 2012, Malibu Boats ya Tennessee ikatoa kifaa inachokiita Surf Gate. Ni bamba linalofunguka pembeni nyuma ya boti. Likifunguka upande wa kulia linachelewesha maji ya huko kujifunga, na wimbi la kushoto linapata muda wa kujijenga likiwa safi. Boti haihitaji tena kulala upande, na kubadilisha upande ni sekunde chache. Kampuni zingine nazo zikaja na mbinu zao.

Sawa. Mpaka hapo ni ujanja mtupu, na mimi ujanja naupenda. Lakini uzito haukuwi rafiki ya mtu.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuambiwa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake ilipinduka Mombasa, na watu 272 wakafa. Sifananishi msiba huo na mchezo wa matajiri. Nasema tu kanuni ya maji ni ile ile: chombo kina kiwango chake, na uzito ukikaa vibaya hakiombi ruhusa. Boti ya mchezo iliyojazwa maji na marafiki 12 inakaa chini sana. Dereva akigeuka kumchukua aliyeanguka, anakutana na mawimbi aliyoyatengeneza mwenyewe, na omo nzito inaweza kuingia chini ya wimbi na boti ikajaa. Ndiyo maana wanaojua wanahesabu watu pamoja na maji, si maji peke yake. Na ndiyo maana mchezo huu haufanywi nyuma ya boti yenye injini ya kuning'inia: pangaboi liko hapo hapo mchezaji anapoangukia.

Halafu kuna yule mtu niliyesema hayuko kwa boti. Yuko ufuoni.

Nishati ya wimbi haipandi sawa na kimo chake. Wimbi likiwa na kimo mara mbili, linabeba nishati mara nne. Hiyo nishati mchezaji anatumia chembe tu. Inayobaki inasafiri hadi ukingoni, inamomonyoa udongo, inatikisa gati, inapiga mtumbwi uliofungwa. Mwaka wa 2022, Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa utafiti wa maabara yake ya St. Anthony Falls. Kiligundua kwamba boti hizi zinahitaji zaidi ya mita 150 kutoka ufuoni ili mawimbi yake yapungue hadi kiwango ambacho boti za kawaida zinafikia kwa mita 60. Angalia hiyo tarehe na hilo jimbo. Ni miaka 100 kamili tangu Samuelson asimame juu ya mbao zake, Minnesota hiyo hiyo.

Vermont haikungoja sana. Tangu 2024, anayetaka mchezo huu kule lazima awe angalau futi 500, yaani hizo mita 150, kutoka ufuoni, mahali penye kina cha angalau mita 6. Na kwa sababu maji ya ziwa moja yakibaki kwenye matangi yanaweza kubeba viumbe hadi ziwa lingine, boti inapewa ziwa lake la nyumbani na lazima isafishwe kabla ya kurudi ikitoka kwingine.

Msimamo wangu ni huu. Sitaki mchezo upigwe marufuku. Kile kijana alifanya na sufuria ya mamake ni kile kile wavulana wa Lamu wanafanya na viroba vya mchanga, ni binadamu anacheza na maji, na dunia bila hiyo inaboesha. Lakini kila boti ya aina hii inatoa mawimbi mawili. Moja ni lile limepangwa kwa kilo na kwa sentimita, ndilo unaliona kwa video. Lile lingine linaondoka kimya upande wa pili, na hakuna mtu alilipanga.

Farumi ya zamani ilibebwa ili kila mtu afike salama. Ukiibeba kwa raha yako, hesabu yako haijaisha mpaka ujue wimbi la pili limefikia kwa nani.