Tone la maziwa linavyoweza kusema kama ng'ombe ana mimba

Mfugaji wa Mpwapwa akishampandishia ng'ombe wake kwa mrija, kazi inayobaki ni kusubiri. Siku 21 zikipita bila kuona dalili za joto, anahesabu kuwa mimba imeshika. Lakini joto hudumu saa chache tu, mara nyingine usiku, na kwa ng'ombe wetu wa asili dalili huwa hafifu. Likimpita, anasubiri siku 21 nyingine huku analisha, na kiangazi cha Dodoma unakijua.

Jibu limo kwenye maziwa. Ng'ombe mwenye mimba hubaki na homoni ya projesteroni kwa wingi. Aliye kwenye joto, homoni hiyo hushuka sana. Tatizo ni kipimo: tunazungumzia nanogramu chache ndani ya mililita moja, na nanogramu ni gramu moja uliyoigawa mara bilioni.

Hapo ndipo elektrodi inapoingia. Kama umewahi kuona stripu ya kupimia sukari, basi elektrodi umeshaiona: ni vile vijistari vinavyopitisha umeme. Kwa homoni, watafiti huipaka chembe za dhahabu au mirija ya kaboni yenye upana wa nanometa chache (unywele mmoja ni kama nanometa 80,000). Uso wake unakuwa na nafasi kubwa zaidi, na umeme unapita kirahisi. Juu yake hubandikwa kingamwili zinazonasa projesteroni.

Katika aina moja ya kipimo, homoni ya maziwa hugombea nafasi na homoni ya maabara iliyowekewa alama inayotoa umeme. Kwa hiyo mambo yako kinyume na unavyodhani: homoni ikiwa nyingi, umeme unapungua.

Wazo si geni. Kufikia mwaka 2001, watafiti wa Bristol, Uingereza, walishapima projesteroni ya maziwa kwa elektrodi za kuchapwa. Njia hii pia hutumika maabara kutafuta paracetamol kwenye mkojo, au mabaki ya oksitetrasaiklini, ile OTC ambayo wafugaji wengi huchoma wenyewe.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, si unyeti wa kipimo. Ni mafuta na protini za maziwa, ambazo huganda kwenye elektrodi na kuiziba. Tena kingamwili hazipendi joto, na si kila kijiji kina friji. Pa kujaribia papo: kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa kilianza mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na ndiko alikotoka ng'ombe wa Mpwapwa, mchanganyiko wa Sahiwal, Red Sindhi, zebu na wengine.

Kuhusu majibu: siku ya 21 homoni ikiwa chini, mimba hakuna, mwite bwana mifugo haraka. Ikiwa juu, huenda ipo. Bado atahitajika kuhakikisha kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu.