EPO ilitoka kwa mkojo
Wakenya tukisikia EPO tunawaza mwanariadha aliyefungiwa. Mimi namuwaza shangazi yangu, anayedungwa hiyo kitu akienda dialisisi. Figo ndizo hutoa homoni hii kuambia uboho utengeneze seli nyekundu. Figo zikifeli, damu inapungua.

Eugene Goldwasser wa Chicago alianza kuisaka 1955. Mwaka 1975 Takaji Miyake akamletea kutoka Japani mkojo uliokaushwa. Ndiyo, mkojo. Lita 2,550 za wagonjwa wa anemia, na 1977 wakatoa miligramu 8 hivi. Manze!

Goldwasser hakuwa na hataza. Amgen wakaitoa kama dawa 1989, wakavuna mabilioni. Shangazi naye akikosa sindano, ngazi za ploti zinamshinda.