Ubongo Uliopinduliwa

Shina la ubongo limejificha. Limelala chini ya ubongo mkubwa, ubongo mdogo umelifunika kwa nyuma, na kwenye tundu la sakafu ya fuvu linaungana na ugwemgongo. Anayepasua kichwa kuanzia utosini hulifikia mwisho, na kwa karne nyingi wapasuaji wa maiti walilifikia likiwa limekwisha kuharibika.

Hata Andreas Vesalius, ambaye kitabu chake cha 1543 ndicho kilichoweka msingi wa anatomia ya leo, alikuwa akiukata ubongo ukiwa bado ndani ya fuvu, tabaka baada ya tabaka kwenda chini. Ushujaa wake ulikuwa kwingine. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alikuwa amefundisha kwamba chini ya ubongo wa binadamu pana wavu wa mishipa ya damu. Wavu huo wanao kondoo na ng'ombe, binadamu hana. Vesalius aliukana waziwazi, na akakiri kwamba yeye mwenyewe zamani alipokuwa akifundisha aliweka kichwa cha mnyama kando ya maiti ili wanafunzi wapate kuuona.

Mwaka 1573 Costanzo Varolio wa Bologna alieleza njia nyingine: ubongo utolewe mzima, upinduliwe, ukatwe kuanzia chini. Ni badiliko dogo la mkono, lakini lilizaa matunda kuliko mabishano mengi ya vitabuni. Tuta pana la nyuzi lililo mbele ya shina, ambalo hadi leo huitwa daraja la Varolio, likaonekana wazi.

Thomas Willis, tabibu wa Oxford, alishika njia hiyo akisaidiwa na Richard Lower, hodari wa kisu, na Christopher Wren, aliyechora picha na ambaye baadaye alisanifu Kanisa Kuu la St Paul's. Kitabu cha Willis kilitoka 1664. Walipodunga maji yenye wino katika ateri moja ya shingo, mishipa ya pande zote mbili za ubongo ilishika rangi, kwa kuwa ateri za chini ya ubongo zimeungana zikafanya pete. Ni haki kusema kwamba Johann Jakob Wepfer alikwisha kuieleza pete hiyo mwaka 1658; Willis ndiye aliyeonyesha faida yake. Alipasua maiti ya mtu ambaye ateri yake ya kulia ya shingo ilikuwa imegeuka ngumu kama jiwe na karibu kuziba kabisa, ilhali alipokuwa hai hakupatwa na kiharusi. Ateri ya uti wa mgongo ya upande huohuo ilikuwa imenenepa mara tatu ya mwenziwe.

Hata hivyo Willis alikosea kudhani kwamba ubongo mdogo ndio unaoendesha pumzi. Mfaransa Legallois, katika kitabu cha 1812, alisahihisha kosa hilo kwa majaribio ambayo ni vigumu kuyasoma bila huruma: aliukata ubongo wa sungura hai kipande kwa kipande kutoka mbele. Mnyama aliendelea kupumua hata ubongo mdogo ulipoondolewa. Pumzi ilikatika kisu kilipofika kwenye medula oblongata, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, hapo inapochomoza neva ya vagasi.

Ujuzi kwamba pumzi hutegemea shina la ubongo ulikuja kutumika hospitalini: mwaka 1976 vyuo vya kifalme vya madaktari wa Uingereza vilitoa mwongozo wa kuthibitisha kifo cha ubongo kwa kupima shina lake: mboni humulikwa, njia ya hewa huguswa kuona kama mgonjwa atakohoa, kisha mashine ya kupumulia huondolewa kwa muda ili ijulikane kama anaweza kuvuta pumzi mwenyewe.