Fufu, sambaza, mashaza ya njano: chakula kigeni kinakuwaje chetu?

Mtu akipewa chakula ambacho hajawahi kuona, mara nyingi haulizi kwanza kinatoka wapi. Anauliza: kinapikwa namna gani?

Tangu vita ilirudi mwishoni mwa 2021, swali hilo limeingia katika nyumba nyingi za Kivu Kaskazini. Familia za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilizoacha mashamba na kukimbilia Goma zilikuwa zimezoea kuchimba viazi na kuchuma maharagi nyuma ya nyumba. Wakiwa mbali na shamba, walikula kilichopatikana: unga wa msaada, mashaza ya njano yaliyopasuliwa, mafuta ya kopo yasiyo na rangi ya mawese. Kuna waliouza mgao kwa bei ya chini kusudi wanunue chakula wanachokijua. Kuna waliopika bila kuelewa, watoto wakakataa kula.

Lakini ukiangalia vizuri sahani ya mtu wa Goma, sehemu kubwa ya vilivyomo vilianza kuwa vigeni pia. Historia yao ina somo moja: gunia linaweza kuvuka bahari, lakini namna ya kupika inabebwa na watu. Ikibaki nyuma, chakula kizuri kinaweza kuleta ugonjwa.

Majina yanayodanganya

Mahindi yana jina linalofanya mtu afikiri yametoka India. Hapana, yanatoka Amerika, mahali ambapo Mexico iko leo. Maharagi tunayokula kila siku pia yanatoka Amerika. Viazi vya kizungu vilianza kulimwa kwenye milima ya Peru na Bolivia. Kinyomoro, tunda ambalo wengi wanaita «prune du Japon», halina uhusiano na Japani: asili yake ni milima hiyohiyo ya Amerika ya Kusini. Chapati na sambusa ndizo zina mizizi India na nchi za jirani zake. Zilipita pwani ya Bahari ya Hindi, zikapanda na wafanyabiashara mpaka huku kwetu.

Fromaji ya Masisi, ile duara inayouzwa Goma mpaka Kinshasa, inatengenezwa kwa mbinu inayofanana na ile ya Gouda ya Uholanzi. Wazungu ndio walileta mbinu hiyo. Leo ni kazi ya wafugaji na watengenezaji wa Masisi, na barabara ikifungwa wao ndio wanapoteza maziwa.

Sambaza: samaki aliyeletwa

Wengi wanaamini sambaza alikuwa Ziwa Kivu tangu zamani. Aliletwa. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watoto wa samaki walichukuliwa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Ziwa Kivu. Sababu ilikuwa hii: Kivu ilikuwa na aina chache sana za samaki ukilinganisha na Tanganyika, na hakukuwa na samaki wa kula wadudu wadogo sana wanaoelea katikati ya ziwa. Chakula hicho cha samaki kilikuwa kinabaki bure.

Aina mbili zilijaribiwa. Ndagala, ile ambayo watu wa Uvira wanaijua sana, haikuweza kuishi Kivu. Ndugu yake, ambaye wataalamu wanamwita Limnothrissa miodon, ndiye alizoea. Anaishi kwenye maji ya juu, sababu chini kabisa ya Ziwa Kivu hakuna hewa ya kupumua. Huyo ndiye sambaza wa leo.

Lakini samaki kuwa ndani ya ziwa haitoshi. Lazima watu wajue kumvua na kumpika. Uvuvi wake unafanyika usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwanga na wavu unawapandisha. Ndiyo maana mwezi ukiwa mkubwa mavuno yanapungua. Asubuhi samaki wanafika soko. Wanakaangwa wazima au wanaanikwa, wanaliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo inampa mtoto kalisiamu. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, samaki mgeni amekuwa mboga ya watu wasioweza kununua nyama.

Muhogo: pale haraka inapoumiza

Muhogo ulitoka Brazil. Wareno waliufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ukaenea ndani ya nchi. Wenyeji wa Amerika waliolima muhogo mchungu tangu zamani walijua una sumu, na walikuwa na mbinu za kuitoa: kukwangua, kukamua, kuosha, kukausha. Huku Afrika watu walijifunza mbinu zao: kumenya, kuloweka ndani ya maji siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuanika kwenye jua, halafu kutwanga. Fufu nzuri inatoka kwenye hizo siku zote, na wamama wanaoharakishwa na mnunuzi wanalijua hilo.

Siku hizo zikipunguzwa sababu ya njaa, ukame au vita, sumu inabaki ndani ya unga. Ugonjwa wake unaitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, na daktari Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938 huko Kwango, magharibi ya nchi yetu. Miguu yote miwili inakakamaa ghafla, na haiponi. Unashika zaidi watoto na wamama, hasa pale watu wanakula muhogo mchungu bila samaki, maharagi wala nyama. Watafiti wameukuta hata Kivu Kusini, katika miaka ya vita.

Kwa hiyo muhogo usioujua, hasa ule unaouma ulimi, usichomwe wala kutwangwa siku hiyohiyo. Uloweke. Sombe pia inahitaji kutwangwa vizuri na kuchemka kwa muda mrefu.

Mahindi: mapishi yaliyosahauliwa Mexico

Watu wa Mexico ya zamani walikuwa wanachemsha mahindi pamoja na chokaa au majivu kabla ya kusaga. Mahindi yalipofika Ulaya, mbinu hiyo haikufuata. Maskini wa Hispania na Italia waliokula mahindi karibu peke yake walipata ugonjwa unaoitwa pelagra: ngozi inayopigwa na jua inakuwa nyeusi na kubanduka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Sababu ni ukosefu wa vitamini B3. Mahindi yanayo, lakini bila chokaa au majivu mwili unashindwa kuichukua.

Hii siyo hadithi ya Ulaya tu. Mwaka 1989 na 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra kwa wingi baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Mahindi yalibaki, kilichoyasaidia kiliondoka.

Kwetu dawa yake ni rahisi kusema, hata kama mfukoni ni ngumu: bugali ya mahindi isikae peke yake siku nyingi. Kiganja cha sambaza, karanga zilizosagwa au maharagi vinaziba pengo hilo.

Mashaza ya njano: hayakuharibika

Wengine wanafikiri mashaza ya msaada ni mabovu sababu yamekatika katikati. Ni ndugu wa mashaza ya kwetu, ila yamekaushwa, yametolewa ganda na kupasuliwa. India yanapikwa kila siku kuwa mchuzi mzito wa kula na wali au chapati.

Yana faida moja kubwa Goma, ambako makala ni ghali: yanaiva haraka kuliko maharagi makavu. Yachague, yaoshe mara mbili au tatu, yafunike kwa maji mengi na uyachemshe karibu saa moja, ukikoroga kusudi yasishike chini. Yatajiponda yenyewe. Chumvi inakuja mwishoni. Kitunguu na tomati vilivyokaangwa kwa mafuta ya mawese vinayapa ladha ya nyumbani, na kiganja cha lengalenga kinaongeza nguvu.

Plumpy'Nut siyo biskuti

Pakiti hii ilibuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Ndani yake kuna karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na inaliwa bila kupika wala kuchanganya na maji. Hiyo ilisaidia sana, sababu mtoto angeweza kutibiwa nyumbani bila hatari ya maji machafu.

Ni matibabu ya mtoto aliyepimwa mkono kwenye kituo cha afya na kukutwa na utapiamlo mkali. Wakubwa wakiionja, au pakiti ikiuzwa soko, huyo mtoto ndiye anapunguziwa dawa. Anayenyonya apewe titi kwanza, halafu pakiti, na maji safi ya kunywa pembeni.

Kabla ya kula usichokijua

• Uliza kimetengenezwa na nini. Karanga, samaki na maziwa vinaweza kuwadhuru vibaya watu wengine. Waislamu na Waadventista wana haki ya kujua kama kuna nguruwe ndani.

• Angalia tarehe kwenye gunia au kopo. Unga wenye ukungu usichekechwe na kupikwa: sumu ya ukungu haiondoki motoni. Kopo lililovimba litupwe bila kuonjwa.

• Makayabo na samaki wengine wa chumvi walowekwe usiku mzima, na maji yabadilishwe.

• Pika kidogo kwanza. Kwa mtoto, changanya chakula kipya na kile anachokijua, siku mbili au tatu.

• Uliza aliyewahi kukipika. Anayegawa chakula pia ana wajibu wa kueleza, kwa Kiswahili, kinavyopikwa. Mama akiuliza pale pale kwenye mstari wa mgao, hajachelewesha mtu. Jibu atakalopata litasaidia na wale walio nyuma yake.