Bori lisilo na kaa

Anayeanza kusuka mwenyewe koili ya sigara ya umeme, awe Simi-Simi hapa Kisangani au Mombasa, huazima majina ya vipande vyake, ilhali Kiswahili kilishavitaja vya kiko: bori la tumbaku, digali la kupitisha moshi, mdakale wa mdomoni. Basi kile kikombe chenye waya uliozungushwa na pamba iliyolowa kiitwe bori. Mtu atapinga kwamba bori hushika kaa, na hapa hakuna kiwakacho. Kweli, lakini jina hufuata kazi, na taa ya umeme nayo haina utambi. Jaribu: "Waya ukigusa ukuta wa bori, betri hupata moto." Fundi ataelewa. La kukataa ni "moshi": kinachotoka ni mvuke, mara nyingi wenye nikotini, na uraibu ni uleule. Wahariri, andikeni bori.