Kumrekodi bosi kwa siri: sheria ya Kenya inasemaje

Wakazi wengi wa Kiembeni hutafuta riziki katika hoteli za Bamburi na Shanzu, viwandani au kwenye ulinzi, na mambo mengi ya kazi huko huamuliwa kwa mdomo tu. Ukiambiwa "kesho usije", huna karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana baadhi huingia ofisini na simu mfukoni, inarekodi. Je, ni kosa?

Baadhi ya majimbo ya Marekani huridhika na idhini ya mzungumzaji mmoja. California hutaka ya wote. Kenya haina kifungu kinachosema wazi hivi au vile. Kilichopo ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hii humtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali. Idhini ni mojawapo ya sababu hizo, lakini si ya pekee.

Tazama kwanza kama ulikuwamo katika mazungumzo. Kurekodi maneno unayoambiwa wewe mwenyewe si sawa na kuacha simu chini ya meza ili inase ya wengine. Na ukidukua mawasiliano yanayopita kwenye kompyuta au simu, hapo umeingia katika Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018: faini ya hadi shilingi milioni 10, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Mahakamani, Kifungu cha 50(4) cha Katiba humtaka hakimu akatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ya mtu, iwapo kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au utoaji wa haki. Kwa hivyo rekodi haikubaliwi wala kukataliwa vivi hivi. Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa. Wengi hukwama hapa: simu imeuzwa, kilichobaki ni kipande kilichozungushwa WhatsApp. Itunze simu yenyewe, usikate sauti, wala usiirushe kwenye kikundi. Kuisambaza kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Mwajiri naye hana ruhusa ya kutega kinasa sauti kimyakimya. Kifungu cha 26 cha sheria ya data kinakupa haki ya kuarifiwa taarifa zako zitatumiwaje. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90.

Mimi ningeanza na njia nyepesi zaidi. Ukiitwa kujibu tuhuma inayoweza kukufutisha kazi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakuruhusu kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Huyo atasikia kwa masikio yake, na hahitaji cheti. Mkishatoka, mwandikie meneja ujumbe siku hiyo hiyo ukieleza mlichozungumza, na uhifadhi nakala.